Vikombe vitatu kwa siku: kuzunguka mji kwa baiskeli ukifuata kahawa nzuri

Mtu akifika mji mgeni na baiskeli yake, na ni mpenzi wa kahawa kweli kweli, kitu cha kwanza anafungua simu, anaandika kahawa bora halafu jina la mji, inamjia orodha ndefu ya maduka, anayaweka yote kwenye ramani na kesho yake asubuhi anaanza kuyakimbiza. Ikifika saa nane mchana mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, ulimi hausikii tena tofauti ya kikombe na kikombe, na mji wenyewe hajauona. Mi nasema hivi, vikombe vitatu kwa siku basi. Vitatu ulivyovichagua vizuri, na kilomita za kutosha katikati yake, utaujua mji na kahawa yake kuliko kumi vya mbio mbio. Karibu kila ninachokiandika hapa chini kinatoka kwenye hiyo namba.

Kwa nini tatu na sio sita? EFSA, ile mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilitoa tathmini yake mwaka 2015 ikasema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia mpaka miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na isizidi 200 kwa mkupuo, mama mjamzito hiyo 200 ndio iwe ya siku nzima. Kwa hesabu zao filta, ile kahawa ya kuchuja, ya mililita 200 ina kama miligramu 90, na espreso, ile nzito inayokamuliwa kwa mashine, ya mililita 60 kama 80. Sasa maduka ya kahawa spesheliti mengi, yaani ya kahawa ya daraja la juu, ukisema espreso unapewa dabo, yaani dozi mbili, moja kwa moja, gramu 18 au 20 za kahawa kwenye kikombe kimoja, na filta ya kumwagia kwa mkono mara nyingi inakuja mililita 250 au 300, kwahiyo ukinywa vitatu vya namna hiyo umeshausogelea mpaka wako na bado hujahesabu chai ya jioni. Alafu kafeini haiondoki haraka, inachukua kama masaa matano ndio nusu yake itoke mwilini, kwa wengine zaidi. Ndio maana kikombe cha mwisho kinywe kabla ya saa tisa mchana, sababu kesho kuna kupiga pedeli tena, na mtu ambaye hajalala katikati ya magari ya mji asioujua yuko hatarini kweli, sio suala la uchovu tu.

Anza na mkaangaji, sio duka

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Jina hili la kahawa spesheliti linarudi nyuma mpaka mwaka 1974, Erna Knutsen, mama aliyekuwa kwenye biashara ya kahawa Marekani, alilitumia kwenye jarida la wafanyabiashara wa chai na kahawa akimaanisha buni zenye ladha ya peke yake kutokana na sehemu ndogo zilikolimwa. Baadae likapata kipimo, waonjaji waliofunzwa wanaonja na kutoa alama, kahawa ikipata 80 kwenda juu kwenye 100 ndio inahesabiwa humo. We mteja hizo alama huzioni, unaona ubao wa mbao, mimea kwenye vyungu na taa za kuning'inia, na hivyo vyote mtu yeyote ananunua. Ndio maana nashauri usitafute duka, tafuta kwanza anayekaanga.

Kila mji wenye kahawa ya kueleweka una watu wachache wanaonunua buni na kukaanga wenyewe, na hao ndio wanayauzia maduka mengine mengi. Ingia kwenye tovuti ya mkaangaji au ukurasa wake wa Instagram, angalia wanapoandika kahawa yao inapatikana wapi, hapo unapata orodha ambayo mtu mwenye ujuzi ameshaichuja, sababu mkaangaji makini hapendi kuona kahawa yake inaharibiwa kwenye mashine ya mtu asiyejali. Ukipata wakaangaji wawili watatu umeshapata uti wa mgongo wa ramani yako. Kingine kizuri kwa mwenye baiskeli, sehemu za kukaangia mara nyingi ziko pembeni ya mji, maeneo ya maghala na viwanda vidogo, mashine inataka nafasi na bomba la kutolea moshi na kodi ya katikati ya mji ni kubwa. Mtalii wa miguu haendi huko, wa basi anaona mbali, lakini kwako ni kilomita sita au nane tu za asubuhi, na njiani unapita mitaa ambayo watu wanaishi maisha yao ya kawaida kabisa.

Ukifika dukani dalili za ukweli ziko kwenye mfuko wa kahawa, shika mmoja usome. Mfuko mzuri unakwambia nchi, eneo, shamba au ushirika au kiwanda cha kuoshea, aina ya mbuni, mwinuko kutoka usawa wa bahari, namna buni ilivyochakatwa, na la muhimu kuliko yote tarehe ya kukaangwa. Ukikuta tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, na maneno ya jumla kama tajiri na laini, hapo wanauza kitu kingine. Dalili nyingine ni mtu wa kaunta kupima kahawa kwenye mzani na kuisaga pale pale unapoagiza, na kuifuta bomba ya mvuke kila baada ya kuchemsha maziwa. Hiyo bomba mi naiangalia sana kwa kweli, duka linaloacha maziwa yakaukie pale halitakuwa makini na mengine.

Kupanga njia

Weka pini zako zote kwenye ramani alafu usiangalie umaarufu, angalia zilivyojikusanya. Utaona zinaunda mafungu, fungu la upande huu wa mto, fungu la karibu na stesheni, moja au mbili ziko peke yake mbali. Siku moja fungu moja, na kila fungu chukua mbili, ya tatu iwe ile ya mbali au ya mkaangaji. Kati ya kikombe na kikombe weka walau masaa mawili, na kilomita zozote kuanzia nne kwenda juu, hata kama duka la pili liko mtaa wa pili tu zungusha, pita ufukweni, pita sokoni, panda ule mlima wenye mnara. Mwili unapata muda na ulimi unarudi hali yake.

Kasi ya mjini usijidanganye nayo. Mtu anayesafiri kilomita 20 kwa saa barabara kuu akiingia mjini na mataa, makutano na kusimama kuangalia ramani anashuka mpaka 12 hivi, kwahiyo kilomita 24 ni masaa mawili ya kwenye siti kabla hujakaa popote. Asubuhi ukiwa na nguvu nenda kwenye upepo au panda mlima, jioni urudi ukisukumwa au ukishuka. Na kagua masaa ya kufungua siku hiyo hiyo kwenye ukurasa wa duka lenyewe, sababu maduka haya mengi yanafungua mapema na kufunga mapema, saa kumi jioni unakuta viti vimeshapandishwa juu ya meza, na kuna yanayopumzika siku moja katikati ya wiki.

Kwa ramani yenyewe, CyclOSM, ramani ya mtandaoni ya waendesha baiskeli, inatumia data za OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wenyewe, na inaonyesha njia za baiskeli, sehemu za kufungia na hata aina ya barabara chini, iko vizuri sana kwa kupanga ukiwa umetulia. Ukiwa njiani programu za simu za OsmAnd au Organic Maps zinafanya kazi bila intaneti ukishapakua ramani ya eneo, hiyo fanya usiku kabla ukiwa na wifi. Simu iweke kwenye kishikio cha usukani au mfukoni na sauti ya maelekezo kwenye sikio moja, mkononi hapana.

Kama umekuja na mizigo yote kwenye keria, hema na sufuria na kila kitu, nakuomba usizunguke nayo madukani. Nenda kwanza unapolala, omba uache mifuko hata kama chumba bado, wengi wanakubali, alafu toka na begi dogo la mbele. Baiskeli tupu inageuka kirahisi, unaifunga popote na akili yako inakuwa kwenye kikombe badala ya kuchungulia dirishani kila sekunde. Na kama hujaja na baiskeli, zile za kukodi za mji zinafaa mno kwa safari ya hivi, unachukua kituo kimoja unarudisha karibu na duka, ukitoka unachukua nyingine, mambo ya kufuli hayakuhusu tena. Kabla hujaiondoa kituoni bana breki zote mbili, bonyeza tairi kwa kidole gumba, na pandisha siti mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini, watu wanazungusha mji mzima magoti yamekunjwa alafu jioni wanasema baiskeli inaumiza.

Barabarani

Mji usioujua una mitego yake. Reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani, ndio mbaya kuliko zote, tairi likiingia kwenye ule mfereji unaanguka kabla hujaelewa, kwahiyo zivuke kwa pembe iliyo karibu na mraba, ikibidi punguza mwendo, tanua kidogo ndio ukatize, na zikiwa na maji usikate kona juu yake kabisa. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma pia inateleza mvua ikinyesha. Magari yaliyopaki yape nafasi ya zaidi ya mita moja, mlango ukifunguliwa ghafla ndio unaumiza watu wengi mjini, bora dereva wa nyuma akupigie honi kuliko kubanana na milango. Lori lililosimama kwenye taa usilipite kwa ule upande linaoweza kukatia kona, dereva hakuoni hapo, kaa nyuma yake usubiri.

Kama umetoka nchi ya kuendesha kushoto umeingia ya kulia, au kinyume chake, nakwambia hatari haiko kwenye barabara kubwa ambako kila gari linakukumbusha. Iko pale unapotoka dukani. Umekaa, umestarehe, unapanda baiskeli kwenye kamtaa katulivu hakana gari, mwili unaenda upande wa nyumbani kwao wenyewe. Kabla ya kukanyaga pedeli sema kwa sauti upande wako ni upi. Ni kitu kidogo ila kinafanya kazi.

Tairi za upana wa milimita 35 mpaka 45 zinatosha mji wowote, hata wenye mawe ya zamani barabarani, na punguza upepo kidogo kuliko ulivyozoea barabara kuu. Begini weka tyubu moja, vijiko vya kutolea tairi, pampu, viraka na spana ndogo ya kukunja, taa mbele na nyuma hata mchana, kengele. Mengine yote acha.

Kufunga baiskeli

Hapa nitakaa kidogo, baiskeli ikiibiwa safari nzima imekufa. Kufuli la kwanza liwe la chuma la umbo la U, liingie kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma pamoja na kitu kilichochimbiwa ardhini. La pili liwe la aina tofauti, mnyororo au waya mnene, kwa ajili ya gurudumu la mbele, sababu mwizi mwenye kifaa cha kukatia aina moja mara nyingi hana cha nyingine na akiona kazi mara mbili anahamia kwa jirani. Nafasi ndani ya ile U iwe ndogo, isibaki sehemu ya kupenyeza chuma na kutanua, na tundu la funguo liangalie chini. Kabla hujafunga, tikisa hicho unachofungia, juu na pembeni, kuna nguzo za alama za barabarani zinanyofoka au baiskeli inanyanyuliwa juu ikapita, na kuna vyuma vya kufungia baiskeli vyenye bolti za kawaida tu. Mti mdogo sio kitu cha kufungia, unaumia na unakatwa.

Toa taa, toa kompyuta ya mwendo, toa begi la mbele, ingia nayo. Chagua kiti unapoiona. Na uliza, watu wanaona aibu kuuliza, sema tu kwa adabu naweza kuiingiza ndani au kuiweka uani, maduka ya kahawa yana wapenda baiskeli wengi kuliko unavyodhani na asubuhi ya katikati ya wiki nafasi ipo. Wakikataa ni sawa, duka ni lao. Kitu cha kufanya kabla hata ya safari, piga picha baiskeli nzima na ile namba iliyogongwa kwenye fremu, nyingi iko chini kabisa pale pedeli zinaposhikia, ikipotea polisi watakuuliza hiyo kwanza.

Kuagiza

Umefika, umetoka jasho. Kilomita ya mwisho iendeshe taratibu ili uingie pumzi imerudi, kunywa maji yako kabla ya kahawa, na uwe umekula, kahawa kwenye tumbo tupu baada ya mlima inaleta kizunguzungu kwa wengi. Kahawa ya kiasi haimkaushi mtu maji kama inavyosemwa, ila jasho linakausha, na kikombe kidogo cha espreso hakirudishi lita uliyoitoa.

Kama hujui uanzie wapi, anza na filta ya jagi, ile wameshaitengeneza nyingi asubuhi. Inakuja haraka, na inakuonyesha duka linavyojali kitu chake cha kila siku, maana ile ya kumwagia kwa mkono kila mtu anaipa umakini. Ikiwa nzuri na muda upo, kikombe cha siku nyingine kwenye duka hilo hilo kiwe cha mkono, kwa vifaa vya kuchujia kama V60 au Kalita au Chemex, ile chupa yenye kiuno iliyobuniwa na Peter Schlumbohm mwaka 1941. Hesabu ya kawaida ni gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, nyuzi 90 mpaka 96, dakika tatu nne hivi, angalia anavyomwaga, kuna mengi ya kujifunza hapo bure. Kikifika usikinywe kikiwa moto wa kuunguza. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kuweza kuleta saratani, ila hata ukiacha hilo, ulimi uliochomeka hauonji. Kunywa kidogo, subiri, kunywa tena, kahawa nzuri inapopoa ndio inafunguka, uchachu unakuwa wa tunda na utamu unatokea, mbovu ikipoa inakuwa ngumu kumeza. Mtihani wangu mkubwa ni huo, funda la mwisho lililopoa.

Njia ninayoipenda ya kulinganisha maduka ni kushika uzi mmoja. Siku hiyo amua, leo nakunywa Ethiopia iliyooshwa popote nitakapoikuta. Ukinywa duka la kwanza Ethiopia iliyooshwa, la pili Colombia iliyokaushwa na tunda lake, la tatu kapuchino, hujalinganisha chochote, umekunywa tu vitu vitatu tofauti. Ukishika uzi mmoja unaanza kusikia huyu anakaanga kidogo ili uchachu ubaki, yule anapeleka mbele kidogo ipate utamu wa sukari iliyoungua, na hapo unaanza kuwa na maoni yako mwenyewe. Kumbuka tu kwamba iliyooshwa inakuwa safi na uchachu unaonekana, iliyokaushwa na tunda lake inakuwa nzito na inanukia matunda yaliyoiva sana, ile wanayoiita hani, ambayo sehemu ya utelezi inaachwa wakati wa kukausha, inakaa katikati, na haina asali ndani.

Ukikuta SL28 ya Kenya, aina iliyochaguliwa na maabara ya Scott miaka ya 1930, agiza bila kujifikiria, uchachu wake ni wa aina yake. Na ukikuta Gesha, aina nyingine ya mbuni, imekaa juu kwa bei popote ilipo, ila ina safari inayostahili kujulikana. Mbegu zilichukuliwa Ethiopia miaka ya 1930, zikapita kituo cha utafiti Lyamungu huku Tanzania, mwaka 1953 zikafika kituo cha CATIE Costa Rica, miaka ya 1960 Panama, zikakaa huko bila mtu kuzijali sana mpaka mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda lilipoipeleka kwenye mashindano na majaji wakashangaa. Gawaneni kikombe kimoja kama mko wawili, inatosha kabisa, ni kahawa ya kunusa kama ya kunywa.

Sasa mtu atasema, vitatu ni vichache mno, mji una wakaangaji watano na mi niko siku mbili tu. Sawa, tafuta kapingi. Ni ule uonjaji wa vijiko, vikombe vimepangwa mezani, kahawa ya kusaga ndani na maji ya moto juu, inakaa dakika nne, wanavunja ukoko wa juu kwa kijiko huku wananusa, wanatoa povu, ikipoa kidogo kila mtu anapita na kijiko chake anavuta kwa nguvu ili isambae mdomoni, na sauti ile ya kuvuta hapo ni heshima. Wakaangaji wengi wanaifungulia umma siku fulani ya wiki, bure au kwa hela kidogo, unajiandikisha mtandaoni. Unaonja kahawa sita au nane, unatema kwenye kikombe cha kutemea, kafeini inayoingia ni ndogo sana, na mkaangaji mwenyewe yupo hapo unamuuliza unachotaka. Kwa mwenye baiskeli hakuna kitu bora kuliko hiki na nashangaa watu wanavyokipita. Fika mapema, usipake manukato siku hiyo, suuza kijiko kila ukihamia kikombe kingine.

Dekaf, kahawa iliyotolewa kafeini, nayo usiidharau. Zamani ilikuwa buni za hovyo zinatolewa kafeini, siku hizi maduka mazuri yana dekaf iliyochakatwa kwa maji au kwa etili asetati ya kutoka kwenye miwa, na kuna ladha kweli mle ndani. Ikiwa ni saa kumi, duka ni zuri na hutarudi tena mji huo, dekaf ndio jibu.

Ongea na barista

Ramani yako ya nyumbani ni ya kukufikisha duka la kwanza tu, baada ya hapo ramani ni barista, yule anayekutengenezea kahawa kaunta. Ila chagua wakati. Asubuhi watu wanaenda kazini foleni iko mpaka mlangoni, usimsimamishe na maswali ya mwinuko na aina ya mbuni, agiza, lipa, sogea pembeni. Ikifika saa nne au saa tano kunatulia, hapo mtu anafuta mashine na ana hamu ya kuongea. Usimuulize duka gani bora mjini, atakutajia yale yale ya kwenye orodha. Muulize, siku yako ya mapumziko unaendaga kunywa wapi? Hapo anafikiria, na mara nyingi anakupeleka kwenye kijidirisha fulani cha mtu aliyekuwa anafanya kazi naye. Alafu ongeza, kwa baiskeli unaenda kwa njia gani. Wengi wao wanakuja kazini kwa baiskeli, wanajua kichochoro cha kukwepa barabara kubwa, wanajua daraja gani lina upepo mbaya, na wapi baiskeli zinaibiwa sana.

Andika. Daftari dogo au simu, jina la duka, mkaangaji, kahawa gani, imechakatwaje, na maneno yako mawili matatu ya ladha, yako, usinakili ya kwenye kadi. Kama wameandika mafenesi na jasmini na we unasikia chai ya rangi yenye ndimu, andika chai ya rangi yenye ndimu. Ukiendelea hivyo siku kadhaa utaona mwenyewe unapenda nini, na kwenye mji unaofuata utaagiza kwa kujiamini.

Na ukikaa, kaa. Nusu saa, dakika arobaini, simu chini. Meza zikiwa zimejaa na watu wamesimama na umeshamaliza, inuka uwapishe.

Kununua ya kuondoka nayo

Usinunue kila duka, begi litajaa na nyingine zitazeeka kabla hujazifungua. Subiri siku ya mwisho, fungua daftari lako, chagua moja, au mbili kama ziko kwenye mifuko midogo ya gramu 100. Angalia tarehe ya kukaangwa, ya filta inakaa vizuri ikishapumzika wiki moja mpaka mbili baada ya kukaangwa, ya espreso hata zaidi, kwahiyo iliyokaangwa jana sio faida kama watu wanavyodhani, ila kwa msafiri inafaa sababu itapumzikia begini. Nunua isiyosagwa kama una kisagio cha mkono, kikiwepo na AeroPress, kile kibomba cha plastiki cha kukamulia kahawa kwa mkono, una duka zima kambini, plastiki haivunjiki na inaoshwa kwa maji kidogo sana. Kama huna kisagio waombe wasage kiasi cha siku chache tu na uwaambie utatengenezea nini.

Njiani adui wa kahawa ni joto, hewa na mwanga. Mfuko uwe ule wenye vali ndogo ya kutolea gesi na zipu, ukiufungua toa hewa kabla ya kufunga, usiuweke kwenye begi jeusi la juu linalopigwa na jua, uweke katikati ya nguo kwenye begi la upande wa kivuli, na mbali na chupa ya mafuta ya cheni na jiko, kahawa inanyonya harufu vibaya mno. Ukivuka mpaka, iliyokaangwa kwa kawaida haina shida kubwa lakini buni mbichi nchi nyingi wanazihesabu kama mmea na wanaweza kuzichukua, soma masharti ya nchi unayoingia kabla hujafika forodhani, na mfuko uache na lebo yake ya mkaangaji ili afisa aone ni kitu gani.